Bwana Subiri Aenda Kuoa

Hakuwa na baba wa kumtangulia ukweni. Hakuwa na kaka wa kumshikia mkoba. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, kwa maana elimu yake yote aliipata jioni, baada ya kazi, kwenye madawati ya watoto yaliyomlazimu kukunja magoti mpaka karibu na kidevu. Hakuwa na suti. Ile aliyovaa ilikuwa ya mjomba wake, na mjomba alimzidi kiuno. Hakuwa na nyumba, ila chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha lililotazamana na ukuta. Na kulikuwa na upungufu mwingine ambao ungewachekesha abiria wote wa behewa lile kama angeutamka: alikuwa anakwenda kuoa, na hakujua mchumba wake ana urefu gani.

Alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya posa. Yeye na mjomba walipokaribishwa sebuleni walimkuta binti ameshaketi katikati ya wanawake wa ukoo, na walipoaga walimwacha ameketi vilevile, macho chini, mikono mapajani.

Lakini sauti yake aliijua. Aliijua ikiwa na mafua, ikiwa na usingizi, ikiwa imetoka kulia na inajifanya haikulia.

Siku zile simu haikukaa mfukoni mwa mtu. Ukitaka kuongea na ndugu wa mji mwingine uliinua mkono wa simu, opereta akakuuliza unamtaka nani, kisha akamwita opereta mwenzake wa mji ule wa pili. Wakachomeka waya huku na kule mpaka sauti mbili zikakutana. Yeye alikuwa opereta wa mji mkubwa wa bondeni. Wateja walimbatiza jina la Bwana Subiri, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia neno asijibiwe kwanza, kwa upole usiobadilika, "Subiri kidogo, tafadhali." Binti alikuwa opereta wa mji mdogo wa milimani. Nyumbani kwao walimwita Chiriku, na aliyewahi kumsikia kwenye laini hakuuliza sababu.

Mapenzi yao yalianzishwa na amri ya kazi. Opereta wa zamu ya usiku walitakiwa kuipima laini kila mara, wasije wakakuta imekufa wakati mtu anamhitaji daktari. "Milimani, unanisikia?" "Nakusikia vizuri, bondeni." Kanuni iliishia hapo. Ila siku moja kijana aliongeza neno. "Huko kuna mvua?"

"Ipo. Nikupimie kiasi gani?" binti akajibu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea.

Sasa treni ilikuwa inapanda milima kwa kuhema, na mjomba, kinyozi mwenye tumbo na maneno mengi, alimtazama mpwa wake kwa jicho la upande.

"Mbona unatoka jasho? Dirisha liko wazi."

"Suti ni nzito, mjomba."

"Suti hiyo nilioa nayo mimi, na sikutoka jasho."

"Mama alikuwa akisema ulizimia."

"Nilikaa chini ghafla. Kuzimia ni jambo jingine." Mjomba akajifuta uso kwa leso, akasogea karibu. "Habari ya cheo umeshamwambia?"

Bwana Subiri akageukia dirishani. Kabla hajaanza likizo, mkuu wa kituo cha simu alikuwa amemwita ofisini na kumpa kiti. Alimwambia wanataka kumfanya msimamizi wa zamu, na msimamizi hupewa nyumba yenye vyumba viwili, jiko na bomba la maji ndani. Akataka jibu lake kwa maandishi kabla likizo haijaisha. Lilikuwapo sharti moja. Msimamizi haruhusiwi kumsimamia mke wake, na bondeni kituo cha simu kilikuwa hicho kimoja. Kwa hiyo Chiriku angeacha kazi.

"Bado," alisema.

"Unangoja nini?"

"Mambo kama haya ni vizuri ana kwa ana."

"Ninyi ambao mkiwa mbali mnaongea kama redio?"

"Kwenye simu wengine husikiliza, mjomba."

"Na harusini tutaziba masikio?"

Kijana akainyoosha kola ya suti. Moyoni aliamini hapakuwa na la kujadili. Ni bibi harusi gani angekataa bomba la maji ndani ya nyumba?

*

Baba yake Chiriku alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na sebule yake ilinukia mbao na gundi. Mabenchi yalikuwa mapya. Alikuwa ameyatengeneza mwenyewe kwa ajili ya siku ile, na mengine yalikuwa bado yanashika nguo za watu kwa sababu vanishi haijakauka. Lakini aliyeitawala nyumba alikuwa dada yake, mkunga wa hospitali, ambaye alimlea Chiriku tangu mama yake alipofariki. Huyo ndiye shangazi. Alisimama mlangoni akamtazama bwana harusi kuanzia viatu mpaka nywele, jinsi anavyotazamwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kumbe una mwili. Siku ya posa nilikuwa zamu, nikadhani wewe ni sauti tupu."

"Ninao, shangazi, ingawa suti inaukataa."

Shangazi hakucheka. "Na kazi ya mwanangu itakuwaje?"

"Tutazungumza, shangazi."

"Nani na nani?"

Mjomba akaingilia kati. "Dada yangu, tumetoka safari, hata maji hatujanywa."

"Maji yapo. Nimeuliza nani na nani."

Ikawa bahati kwamba mfungisha ndoa alifika wakati uleule, mzee mwenye haraka, na watu wote wakaketi. Chiriku aliletwa amefunikwa uso kwa mtandio mweupe, akakalishwa kabla bwana harusi hajapata nafasi ya kumpima kwa macho. Maneno yakasomwa. Watu wakaitikia. Bwana Subiri alikuwa ameinamisha kichwa, akiitazama mikono iliyolala juu ya kitambaa cheupe. Alikuwa akiwaza kwamba vidole vile ndivyo vilivyochomeka waya zote zile, ndipo mzee alipomgeukia bila kumwandaa.

"Wewe bwana, umekubali kumwoa binti huyu?"

Mdomo wa mtu wa kazi humtangulia mwenyewe. Miaka yote ile, sauti ikitokea ghafla na kumtaka jambo, jibu lake lilikuwa moja, na ndilo lililotoka, kwa upole uleule, mbele ya ukoo mzima.

"Subiri kidogo, tafadhali."

Mfungisha ndoa alifunga kitabu chake kikiwa bado na kidole ndani. Seremala alitazama mabenchi yake kana kwamba yamevunjika yote kwa pamoja. Shangazi alisimama, na vanishi ya benchi ikalia nyuma yake.

"Asubiri nini?"

"Ni ugonjwa wa kazi, dada yangu," mjomba akasema. "Mimi mwenyewe mtu akinisalimia usingizini namwambia ainamishe kichwa."

"Nimemuuliza yeye. Asubiri nini?"

Ndipo kutoka chini ya mtandio kikatoka kicheko. Kilianza kidogo, kikabanwa, kikaponyoka. Kile kicheko Bwana Subiri alikijua. Kilikuwa kimemfikia mara nyingi kwa waya uliopita juu ya mito na mashamba, na siku zote alipokisikia alikuwa akijiuliza kikitoka uso unakuwaje.

"Nasubiri, bondeni," binti akasema polepole.

Hakuna mwingine aliyeelewa. "Nimekubali," akasema Bwana Subiri, "nimekubali, tafadhali," na watu wakacheka mpaka mfungisha ndoa akasahau haraka yake.

Mtandio ukafunuliwa, na walipoambiwa wasimame, Chiriku alisimama, akaendelea kusimama, mpaka macho yake yakayapita ya mumewe kwa kiasi cha kuonekana na kila mtu. Wakatazamana, yeye akitazama chini kidogo, na mumewe juu kidogo. Mjomba alimnong'oneza mpwa wake sikioni, "Ukishindwa kumbusu, nitakuletea mojawapo ya mabenchi haya."

Stesheni, wakati wa kuaga, shangazi alimkumbatia Chiriku muda mrefu. Kisha alimvuta bwana harusi kando, karibu na mizani ya mizigo.

"Nilikesha wodini ili asome," alisema, na sauti yake sasa haikuwa kali. "Alikuwa msichana wa kwanza kukaa kwenye ule ubao wa simu. Wanaume walikuwa wanakuja kuchungulia dirishani kama wanatazama sinema. Sikumlea aende kukaa dirishani kukungoja utoke zamu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Kuelewa hakutoshi, lakini ndicho ulichonacho leo. Nendeni."

*

Fungate yao ilikuwa fupi, kama zilivyokuwa fungate za wafanyakazi wa siku zile. Waliipitisha katika nyumba ya wageni ya reli, kwenye stesheni ya njia panda, nusu ya safari kati ya bondeni na milimani. Nyumba ile imebomolewa siku nyingi. Ilikuwa na baraza ndefu, bati lililopakwa rangi nyekundu, na vyumba vilivyogawanywa kwa kuta za mbao nyembamba. Mjane aliyeitunza aliwapa vyumba viwili vinavyopakana, kimoja cha kulala na kimoja cha kukaa, akawaambia, "Hapa hakuna wa kuwasumbua isipokuwa treni."

Basi mtu angedhani watu wawili walioongea miezi na miezi bila kuonana, sasa wameonana, wangekesha kwa maneno. Haikuwa hivyo.

"Chai?" Chiriku aliuliza.

"Asante."

"Sukari?"

"Kidogo."

Na chai ikanywewa. Walitembea kando ya reli. Walitazama mabehewa yakibadilishwa njia. Bwana Subiri akasema, "Lile ni la mafuta," na Chiriku akasema, "Eeh, la mafuta," wakarudi. Chumbani walikuwa wapole kama wageni wawili waliopewa kitanda kimoja kwa makosa na hakuna anayetaka kumwudhi mwenzake. Ukimya huo haukuwa wa chuki. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake akilala, akitafuta katika uso ule mgeni sauti aliyoizoea, na mwenzake akifumbua macho, wote wawili walitazama dari.

Mjane aliwaletea mayai akasimama na sinia. "Mmegombana?"

"Hapana, mama," wakajibu kwa pamoja.

"Basi gombaneni kidogo. Nyumba yangu imepoa."

Siku iliyofuata, mchana, ikanyesha. Bwana Subiri alikuwa chumba cha kulala anatafuta kifungo kilichodondoka kwenye ile suti, na Chiriku alikuwa chumba cha pili anakunja nguo. Mlango kati yao ulikuwa umefungwa kwa sababu ya upepo. Mvua ilipopungua kidogo juu ya bati, kupitia zile mbao nyembamba ikaja sauti iliyomfanya akifumbate kile kifungo kama kitu kitakachoruka.

"Bondeni, mbona laini imekufa?"

Alikaa kitandani taratibu. Akasafisha koo.

"Sijui, milimani. Fundi hajaonekana."

"Imekufa tangu lini?"

"Tangu mtandio ulipofunuliwa."

Kikaja kicheko. Akausogelea ukuta, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mbao, na kwa jinsi sauti ilivyokuwa karibu alitambua kwamba mwenzake naye amefanya vivyo hivyo upande wa pili.

"Ukinitazama nasahau maneno," Chiriku alisema. "Nimeyaandaa tangu asubuhi, ukiingia yanatoka mlangoni."

"Mimi pia, ukinitazama kutoka huko juu."

"Umeanza na urefu wangu."

"Nilidhani wewe ni mfupi."

"Kwa nini?"

"Sauti yako ilikuwa inatokea hapa, jirani na sikio. Nikajua mtu wa sauti hii ananifika begani."

Wakaanza kukumbushana. Wakakumbuka usiku ambao radi ilipiga nguzo, wakapotezana mpaka alfajiri, na laini iliporudi Bwana Subiri alisema tu "Upo?" na Chiriku akashindwa kujibu. Wakamkumbuka mfanyabiashara wa ngozi aliyekuwa akimkaripia karani wake kwa simu, kisha anaomba aunganishwe na mkewe na sauti inakuwa ya kondoo. Wakakumbuka mtihani wa shule ya jioni, jinsi Chiriku alivyokuwa akimsomea maswali ya hesabu kati ya simu na simu.

"Ulikuwa unakosa lilelile la matangi ya maji," alisema.

"Nilikuwa nalikosa makusudi, ulirudie."

"Mwongo."

"Haki ya Mungu."

Mvua ikaongezeka, ikapungua. Kisha sauti ya upande wa pili ikabadilika kidogo. "Shangazi alikuuliza swali. Ukasema tutazungumza. Haya, laini ni nzima sasa."

Akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyojifunza kupanga insha: kiti alichopewa ofisini, cheo, nyumba, vyumba viwili, bomba. Akafika kwenye sharti akalisema kwa haraka zaidi. "Kwa hiyo wewe utapumzika."

"Nipumzike nini?"

"Kazi."

"Nilikwambia nimechoka?"

"Hukusema, lakini..."

"Na hili ulilijua lini?"

"Kabla ya likizo."

"Kabla ya harusi."

"Ndiyo."

"Tulipima laini usiku wa mwisho kabla hujaanza likizo. Ukanisimulia habari za suti ya mjomba wako mpaka nikacheka nikaumwa mbavu. Nafasi ya kusema hili ikakosekana."

Bwana Subiri akanyanyua mgongo kutoka kwenye mbao. Alikuwa mpole, lakini alikuwa na fahari yake, aliyoijenga mwenyewe bila fundi. "Chiriku, mimi nimekaa dawati la mtoto miaka yote ile. Nimesoma watu wakiwa wanacheza karata. Katika ukoo wangu wote hakuna aliyewahi kuitwa msimamizi wa kitu chochote, hata wa ng'ombe. Sasa naitwa mimi, wewe unaniuliza lini."

"Najua ulivyosoma. Nilikuwepo."

"Basi ungefurahi."

"Ninafurahi. Ndiyo maana naumia." Akavuta pumzi. "Kuna bibi mmoja pale milimani. Kila mwisho wa juma anakuja kumpigia mwanawe. Namba haijui, kusoma hajui. Anakaa kwenye lile benchi, ananiambia, 'Niitie mwanangu.' Basi. Mwanawe alishahama kazi mara kadhaa, na mimi ndiye ninayemtafuta anakohamia. Atakayekaa mahali pangu atamuuliza namba."

"Watu watamzoea mwingine."

"Watamzoea. Hata mimi nitazoea nyumba yako. Nitakuwa mke wa msimamizi. Utarudi jioni umeshaongea na mji mzima. Watu wote watakuwa wameipata ile sauti yako nzuri, na mimi nitapata iliyobaki."

Bwana Subiri akajaribu njia nyingine. "Ungetaka nifanyeje?"

"Mzee ninayepokezana naye zamu anastaafu, na mimi nitabaki na mchana tu. Nilidhani ungeniuliza habari za nafasi ya usiku. Nilingoja uniulize. Nilikuwa nimeshakupangia hata msumari wa kutundikia koti."

"Kule opereta ni opereta mpaka azeeke."

"Ndiyo."

"Na ni usiku mtupu. Wewe mchana, mimi usiku. Tungeonana wapi?"

"Asubuhi, kwenye kubadilishana zamu," alisema Chiriku. "Ningekuta kiti bado kina joto."

Treni ya mizigo ikapita, na nyumba nzima ikatetemeka, na kwa muda hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Ilipokwisha kupita Bwana Subiri alimsikia mkewe akisimama.

"Mimi natoka kwenye laini," Chiriku alisema. "Sijakasirika. Ila nikiendelea nitakubembeleza, na sitaki uwe umebembelezwa."

Mlango wa nje ukafunguliwa. Kupitia dirishani alimwona akienda kuketi barazani na mjane, akachukua nusu ya maharage yaliyokuwa kwenye ungo, akaanza kuchambua bila kuulizwa. Mjane alisema jambo, na Chiriku akajibu kwa neno moja.

*

Bwana Subiri alibaki sakafuni mpaka mvua ikakatika. Alijaribu kujenga ile nyumba ya bondeni kichwani. Aliweka meza, akaweka kitanda. Akafungua bomba, maji yakatoka. Akamweka Chiriku dirishani, na kila alipomweka, Chiriku alikuwa na uso wa siku ya posa, macho chini, mikono mapajani. Akamwondoa, akajaribu tena. Akajaribu kujiona yeye mwenyewe akitembea nyuma ya viti vya opereta, mikono mgongoni, wote wakiwa wamekaa wima kwa sababu yake. Hilo aliliona mara moja, tena vizuri, na likampendeza sana. Alikipenda cheo kile. Hakujidanganya.

Kisha akaenda barazani akamwomba mjane karatasi, kalamu na bahasha. Mjane alimpa, akimtazama kwa udadisi usiojificha.

Aliandika kwa ule mwandiko wa shule ya jioni, ulionyooka kama reli. Alimshukuru mkuu wake. Alisema heshima aliyopewa hataisahau. Akaeleza kwamba hawezi kuipokea, na kwamba anaomba ahamishiwe kituo cha milimani, zamu ya usiku, kwa daraja lake lilelile. Alipomaliza alisimama kwenye mlango wa baraza.

"Njoo unisomee," alimwambia mkewe.

Chiriku aliweka ungo chini, akajifuta mikono. Aliingia, akaichukua karatasi, akaisoma akiwa amesimama, na safari hii mumewe hakutazama dari. Alimtazama usoni muda wote, kutoka chini, mpaka akamaliza.

"Una hakika?" Chiriku aliuliza. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka, na hapakuwa na ukuta.

"Sina."

"Basi acha."

"Cheo nakitaka hata sasa. Kesho nitakitaka. Siku nikisikia wamempa fulani, nitanuna, na utanivumilia. Ila nimejaribu kufikiria ile nyumba yenye bomba na wewe umenyamaza ndani yake. Nimejaribu kweli. Imenishinda."

Alitaka kuongeza jingine, akakuta Chiriku ameweka kiganja kwenye shavu lake, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani atafute swichi. Kilikuwa na vumbi la maharage. Wakakaa hivyo. Barazani mjane alianza kuimba bila sababu.

"Kuna neno moja hapa silipendi," Chiriku alisema hatimaye.

"Tahajia?"

"Hapana. Umeandika unaomba uhamisho 'kwa sababu za kifamilia'. Hiyo ni sababu ya mtu aliyefiwa. Sababu yako ni ipi?"

Alifikiri. Akachukua karatasi nyingine, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupeleka barua iliyofutwafutwa, akainakili yote upya tangu tarehe. Alipofika mahali pale aliandika: *Sababu: mke wangu ni opereta wa milimani.* Akalitazama neno *mke* lililokuwa limekaa pale kwa wino wake mwenyewe, likiwa bado linang'aa. Akatia saini.

Walikwenda stesheni pamoja, wakiruka madimbwi, Chiriku akiwa ameshika bahasha juu isilowe, jambo lililomfaa kwa urefu wake, na mumewe alimwambia hivyo.

"Umeshaanza maneno," Chiriku alisema.

"Laini ni nzima."

"Endelea basi, nasikia."

Treni ya bondeni ilikuwa imeshapuliza king'ora mara moja. Bwana Subiri alichukua bahasha, akailamba gundi, akakifunga kifuniko chake, kisha akaibana kwa ngumi juu ya mizani ya mizigo mpaka akaridhika. Karani wa behewa la posta alikuwa ameinama dirishani, mkono nje.

"Ya wapi?"

"Bondeni. Kituo cha simu."

Karani aliishika. Bahasha haikutoka vidoleni mwa Bwana Subiri. Akaivuta kidogo, bado haikutoka, na treni ikaanza kusogea, na Bwana Subiri akawa anatembea kando yake, halafu anatembea haraka, na nyuma yake Chiriku amesimama jukwaani bila kubembeleza.

"Bwana," karani akasema, "unaniachia au unakuja nayo?"

Akaiachia.